Kula safarini: gunzi lililonifunza adabu Kitonga

Ukiipekua Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hukuti mahindi ya kuchoma. Niliwahi kumweleza hivyo trafiki mmoja aliyenikuta nikitafuna hindi huku naendesha. Akacheka, akaniandikia shilingi 30,000: kuendesha bila uangalifu. Na kosa hilo lina tumbo kubwa, linameza hindi, chai, simu, hata kumgeukia utingo anaposimulia mpira.

Lakini si faini iliyonikomesha. Napeleka viazi Dar kwa Fuso, napakia Uyole, Mbeya. Siku hiyo nateremka mlima Kitonga, wenye kona kali, na mzigo, gunzi nililolitupa pembeni ya kiti likabingirika mpaka chini ya pedali ya breki. Nikakanyaga, pedali ikagota katikati. Utingo alijitupa miguuni kwangu akalichomoa. Lilikuwa bado na punje kama tano upande mmoja.

Sasa nafanya hivi. Nakula kabla ya kuondoka: saa kumi alfajiri, kiporo cha ugali na chai ya rangi, nyumbani. Baada ya hapo ni Makambako, gari nje ya lami, injini imezimwa, handibreki juu. Njiani wauzaji watakuja dirishani na matrei yao. Nunua, ila mfuko aushike utingo mpaka mshuke.

Ndizi za Tukuyu ndizo zenye hila, maana unajiambia ni kumenya tu. Haya, hesabu: kumenya moja sekunde nne. Kwa mwendo wa 80 gari linakata mita 22 kila sekunde. Mita 88 umeendesha ukitazama ganda.

Maji nakunywa, siwadanganyi, ila kwenye tambarare, na chupa napewa ikiwa imeshafunguliwa. Ikiisha inarudi kwa utingo, haikai sakafuni.

Kabla ya Kitonga simama Ilula. Mnunulie mama nyanya, kula ulichobakiza, kisha nawa kwa sabuni. Usukani wenye mafuta ya kuku unateleza kuliko tope la Isyonje. Piga simu zako zote hapo hapo, hasa ya tajiri, kwa sababu huyo ndiye hupiga ukiwa kwenye kona. Halafu simu mpe utingo. Ukishaingiza gia nzito, mdomo uwe mtupu. Hata pipi nimeacha.

Ukiwa peke yako, chakula kikae nyuma ya kiti, mkono usikofika, mfuko umefungwa mafundo mawili. Moja halitoshi, nilishajua kulifungua kwa meno.