Mifuko ya ukutani kwa bawa la dirisha kuukuu na gunia la korosho

Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zinang'oa madirisha ya mbao na kuweka ya alumini, na mabawa yaliyong'olewa huishia jikoni kuwa kuni. Bawa moja la sentimita 50 kwa 110 pamoja na gunia moja la jute la korosho vinatosha kutengeneza mifuko mitatu ya kuhifadhia kanga, viatu vya watoto au madaftari. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachoiharibu pwani hii ni hewa ya chumvi, kwa hiyo fedha uliyookoa kwenye mbao itumie kwenye skrubu.

Bawa lichague kwa msumari: uchomeke kwenye pembe za chini. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa wameshapita humo. Vitundu vidogo si tatizo peke yake. Ligonge litoe vumbi, lisimamishe juu ya gazeti wiki nzima, na ukikuta unga mpya fukusi bado wamo, usiliingize ndani. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, hivyo loweka msasa kwa maji na uvae barakoa. Kusugua rangi kavu karibu na watoto hakufai hata kidogo. Na kama umepata mlango wa kuchongwa kutoka nyumba za kale za Mikindani, weka msumeno chini: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940.

Gunia nalo lina masharti. Lililobeba korosho ghafi huwa na madoa meusi pale zilipopondeka, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Sehemu hizo zikate uzitupe. Mfuko uliokuwa na salfa au dawa yoyote ya mikorosho usiutumie, hata ukifuliwa mara ngapi. Fua kwa maji baridi na sabuni, kwa sababu maji moto hulisinyaza, kisha anika kivulini.

Fumua mishono, tandaza, upake gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kwenye mistari yote utakayokata. Ikikauka ndipo ukate. Bila gundi hiyo nyuzi zitachomoka kabla hujafika kwa fundi cherehani. Kila mfuko unahitaji kipande cha upana wa sentimita 56 na kimo cha 38, na kitenge chakavu cha vipimo hivyohivyo kwa bitana, maana jute hupukutisha nyuzi kwenye nguo. Kunja sentimita 3 kila upande, 3 chini na 5 juu. Ndani ya pindo la juu pitisha kamba ya katani na uishone pande zote mbili, la sivyo mdomo utalegea na kuning'inia. Upana uliobaki ni 50, ilhali mfuko utakaa kwenye nafasi ya 44. Zile 6 za ziada ndizo tumbo la mfuko: chini zikunje marinda mawili, moja kila pembe.

Sasa kufunga. Laza kipande juu ya bawa kikiwa kichwa chini, uso mzuri ukigusa mbao, kisha bana pindo la chini kwa ufito wa upana wa sentimita 2 na unene wa 1. Ukikigeuza juu, ufito unafichika na uzito unabebwa na mkunjo wote badala ya tundu mojamoja. Pande mbili zibane kwa fito zinazoonekana. Acha sentimita 8 juu ya mfuko wa kwanza na 4 chini ya kila mmoja.

Skrubu ziwe za shaba, moja kila sentimita 10. Za chuma hushika kutu, zikatia doa gunia, na kwenye mbao nyingi ngumu huacha weusi usiotoka. Shaba lakini ni laini na hukatika kichwa. Toboa kwanza kwa keekee, ingiza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ichonge njia, itoe, kisha ingiza ya shaba uliyoipaka sabuni.

Kwa kutundika, pasua ubao wa urefu wa sentimita 45 kwa urefu wake, msumeno ukiinama mshazari wa nyuzi 45, upate vibao viwili. Kimoja kifunge ukutani, ncha kali ikielekea juu na mbali na ukuta; kingine nyuma ya bawa, ncha ikielekea chini ili kikinase kile cha ukutani. Nyuma ya bawa, upande wa chini, ongeza kibao cha unene huohuo. Pengo linalobaki nyuma hupitisha hewa, na njia ya mchwa utaiona mapema. Kwenye tofali za saruji toboa milimita 8 na uweke plagi za plastiki. Ukuta wa udongo haushiki plagi: gonga utafute mti uliomo ndani, au ning'iniza bawa kwa kamba kutoka kwenye mwamba wa paa.

Usizidishe kilo 2 kwa mfuko. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, toa vitu vyote na uangalie pembe za bitana. Zikinuka ukungu, fungua fito, fua, na usirudishe mpaka gunia likauke kabisa.