Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kupiga picha ndege aina ya korongo, Usangu hadi Bwawa la Mtera

Chagua msimu kwanza. Kuanzia Agosti hadi Novemba Mto Ruaha Mkuu hubaki madimbwi, samaki hubanwa humo, na korongo hujaa. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika kabisa hifadhini wakati wa kiangazi. Inauma, lakini ndiko ndege waliko.

Kibali. Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, kwa hiyo usipande bodaboda ukajipenyeza kwenye kinamasi cha Ihefu kwa sababu mtu kakwambia pako wazi. Lipa kiingilio, ingia kwa utaratibu.

Lenzi ianzie milimita 400. Betri ya akiba, kadi ya akiba, sweta. Yangeyange akisimama kwenye maji meusi, punguza mwanga, la sivyo manyoya yanatoka meupe matupu. Spidi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, maana shingo ikishafyatuka huiwahi tena.

Sasa viota. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Katika kijiji kimoja cha Mbarali kulikuwa na mkuyu uliojaa viota vya korongo wenye kichwa cheusi. Kijana tuliyeongozana naye alitaka picha ya makinda, akaegemeza ngazi, akakataa kusikia la mtu. Hajafika nusu, wazazi wote wakaruka kwa pamoja. Makinda wakaanza kutapika vyura na panya, ndivyo wanavyofanya wakitishwa, huku wakirudi kinyumenyume hadi ukingoni. Wawili wakaanguka. Kunguru hawakuchelewa: yai la buluu iliyopauka likatobolewa mbele yetu, ute ukachuruzika kwenye tawi. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mpunga akapaza sauti, "Shuka mwanangu, shuka! Unawamaliza hao!" Alishuka, lakini wale wawili walikuwa wameshakufa.

Kwa hiyo kiota kipigwe kutoka chini, na kwa mbali. Korongo akinyoosha shingo wima na kuganda, ameshakuona, rudi nyuma. Akiruka, ondoka kabisa ili arudi, usikae kumvizia. Kwenye jua kali mayai hayavumilii. Droni usithubutu. Na ukiposti, usitaje mti ulipo.

Mtera kuna viboko na mamba. Ukiona njia pana iliyolimika kuelekea majini, usitege kamera hapo alfajiri, maana ndiyo saa kiboko anarudi kutoka malishoni. Ukikodi mtumbwi, patana bei kabla ya kupanda, vaa boya, na mvuvi akisema turudi, mrudi. Upepo wa mchana bwawani huchafua maji ghafla.

Piga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, aga nyumbani kwamba unaelekea wapi, beba maji ya kunywa ya kutosha, usivae nguo nyeupe, usitembee majanini gizani, na gari liwe na mafuta ya kukurudisha.