Kuichunguza namba ya tarakimu milioni 41 kwa kalamu na kikokotoo cha simu

Oktoba 2024 Luke Durant, Mmarekani anayeshiriki GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea wanaosaka namba tasa kwa kompyuta zao, alivunja rekodi ya namba tasa kubwa kwa kupata 2^136279841 − 1. Kuiandika yote daftarini hutaweza, lakini kuihoji unaweza.

Hatua ya 1: tarakimu ya mwisho. Vipeo vya 2 huishia na 2, 4, 8, 6, kisha mzunguko unarudi mwanzo. Gawanya 136279841 kwa 4, baki ni 1 (inatosha kutazama 41 ya mwisho). Kwa hiyo kipeo chetu kinaishia na 2. Toa 1, namba inaishia na 1.

Hatua ya 2: idadi ya tarakimu. Zidisha 136279841 kwa logi ya 2 (ya kizio 10), chukua sehemu nzima, ongeza 1. Rahisi? Hapa ndipo nilipoteza jioni nzima. Nilitumia 0.30103 niliyoikariri tangu shuleni, nikapata 41,024,320.5, yaani tarakimu 41,024,321. Imezidi moja! Ile chembe tuliyoikadiria kwenye logi inazidishwa mara milioni 136, ikavuka nusu. Tumia 0.3010299957: utapata 41,024,319.95, hivyo tarakimu ni 41,024,320. Usiitupe ile 0.95: 10 kwa kipeo cha 0.95 ni karibu 8.9, basi namba inaanza na 8.

Hatua ya 3: ni tasa kweli? Kanuni ya wanahisabati Lucas na Lehmer hupima namba za umbo la 2^p − 1, p ikiwa tasa; tuijaribu kwa ndugu yake mdogo, 2^7 − 1 = 127. Anza na 4. Kila mara piga kipeo cha pili, toa 2, bakiza baki la kugawanya kwa 127. Rudia mara 7 − 2, yaani 5. Ukiishia na 0, ni tasa.

4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0

Kugawanya kwa 127 hakuna haja. Gawanya kwa 128, kisha jumlisha jawabu na baki. Mfano, 67 × 67 − 2 = 4487, ambayo ni 35 × 128 + 7; 35 + 7 = 42. Mwisho, 111 inakupa 12319, yaani 96 × 128 + 31, jumla 127, sawa na 0. Kwa kompyuta kugawanya kwa kipeo cha 2 ni kukata tu mfuatano wa biti, na hiyo ni sababu moja ya wawindaji wa namba tasa kupenda umbo hili la 2^p − 1.

Sasa jaribu 2^11 − 1 = 2047. Baada ya raundi 9 utabaki na 1736, kwa hiyo si tasa, ingawa 11 ni tasa. Kanuni haikuambii vigawo vyake. Vitafute kati ya namba zenye baki 1 ukizigawa kwa 22, yaani 2 × 11: ya kwanza kabisa, 23, inakubali, na mwenzake ni 89.