Somo: Kuanza kulea watoto wa watu

Mara ya kwanza nilipoachiwa mtoto wa watu, nilikwenda na mpira, vitabu vya picha na nyimbo kumi kichwani. Mama alipotoka tu, mtoto wa miaka miwili akaanza kulia, "Tata! Tata!" Nikampa maji, akayasukuma. Nikampa mpira, akautupa. Nyimbo zote kumi zikaisha. Saa nzima na ushee ilipita ndipo nikagundua tata ni kipande cha shuka chakavu kilichoangukia nyuma ya kitanda. Swali moja kwa mama yake lingeniokoa. Ndiyo maana kwangu kazi hii huanza kabla mzazi hajafunga mlango.

Hatua ya 1: Fika nusu saa mapema, uulize
Usione haya. Mzazi aliyeulizwa maswali mengi huondoka ametulia. Andika kwenye karatasi: mtoto ana mzio gani, anatumia dawa gani, anakula na kulala saa ngapi, hubembelezwa vipi, na maneno yake mwenyewe, yaani maji anayaitaje, haja ndogo anaisemaje. Uliza pia nani anaruhusiwa kuja kumchukua. Malipo na saa ya mzazi kurudi, malizeni hapohapo. Mwisho andika namba mbili za simu, namba ya dharura, na anwani ya nyumba. Anwani watu huidharau, lakini ukipiga simu ya dharura utaulizwa mko wapi, na kwa kiwewe kile hutakumbuka.

Hatua ya 2: Piga magoti
Kweli, piga magoti utambae kila chumba anachofika mtoto. Utaona sarafu, nyaya, kamba za mapazia na chupa za sabuni ambazo aliyesimama hazioni. Kitu chochote kinachopita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni kinaweza kumziba koo mtoto wa chini ya miaka 3. Ninachokiogopa kuliko vyote ni betri ndogo za duara kama kifungo: ikikwama kooni huweza kuunguza nyama za ndani kwa saa 2 tu. Ukishuku ameimeza, hospitali papo hapo, usingoje dalili.

Mwaga maji ya ndoo na beseni; sentimita 5 zinatosha kumzamisha mtoto mdogo. Na akiwa anaoga, mlango ukigongwa humwachi. Mnatoka wote wawili, povu na yote.

Hatua ya 3: Mzazi aage
Wengine hupenda kunyata watoke kimyakimya. Mwombe asifanye hivyo, kwani mtoto akigeuka asimwone, atakuganda siku nzima. Aage kwa ufupi, aende. Kuanzia kama miezi 8 hadi mwaka na nusu kilio hiki ni sehemu ya kukua, hajakuchukia.

Hatua ya 4: Chakula
Ale ameketi, nawe ukimtazama. Zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne. Karanga nzima zisubiri hadi miaka 5, na asali hadi atimize mwaka. Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Sauti isipotoka, aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Kisha mgeuze umkandamize kifuani mara 5. Aliyezidi mwaka naye hupigwa mgongoni mara 5, kisha husukumwa tumbo, juu ya kitovu, mara 5. Rudia, na simu ya dharura ipigwe. Haya hayajifunzwi kwa kusoma tu: tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya kuanza kazi.

Hatua ya 5: Usingizi
Chini ya mwaka mmoja, mlaze chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto wala midoli. Usisinzie naye kwenye kochi.

Michezo sijaipa hatua. Watoto wenyewe watakupangia.

Maswali

*Shikamoo dada. Mtoto akilia mpaka nikahisi nachanganyikiwa, nifanyeje?*
Marahaba. Usimtikise kamwe, ubongo wake huumia. Mlaze chali kitandani pake, toka chumbani dakika chache uvute pumzi, kisha rudi umtazame. Ikizidi, mpigie mzazi. Hiyo si aibu.

*Akipata homa, nimpe dawa iliyopo nyumbani kwao?*
Bila ruhusa ya mzazi, hapana. Aspirini asipewe hata kidogo. Aliye chini ya miezi 3 akifika nyuzijoto 38, ni daktari mara moja.

*Akilala naruhusiwa kushika simu?*
Shika, ila bila spika za masikioni, na uende kumchungulia mara kwa mara.

*Nimepata kazi ya kwanza: watoto wawili, wa miezi 5 na miaka 4, usiku. Nikubali?*
Ningekuwa wewe ningekataa. Anza na mmoja aliyezidi mwaka, mchana, kwa muda wa saa mbili au tatu, mama yake akiwa chumba cha pili. Hao wawili omba uende kuwazoea kwanza wazazi wakiwapo.