Mtoto anayemtolea nduguye uloto naye anahitaji mtu wake

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kijana wa dada yangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na aliyempa uloto wa ndani ya mifupa ni mdogo wake wa kike, wa darasa la nne. Dada alibaki na mgonjwa, mimi nikapewa yule mzima. Kama kwenu bado hamjapanga nani atakaa na anayetoa, pangeni leo. Mama hawezi kulala kwenye vitanda viwili, na safari yenyewe si ya kuvuka kivuko cha Kamanga na kurudi: upandikizaji wa uloto kwa wenye selimundu unafanyika Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Kazi yako inaanza kabla ya kipimo cha kuona nani anafaa kutoa. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana tishu na mgonjwa. Familia nyingi huwapeleka wote wakapimwe kimyakimya, halafu jibu linasomwa sebuleni mbele ya wajomba: ni wewe. Mtoto gani atakataa hapo? Mweleze mapema, mkiwa wawili tu. Na yule ambaye hatalingana usimsahau. Wengine hudhani wamekataliwa. Kuwa AS, yaani kubeba selimundu upande mmoja tu bila kuugua, hakumzuii mtoto kutoa; SS, yaani mwenye ugonjwa wenyewe, ndiye hawezi.

Madaktari wa watoto wa Marekani waliweka masharti ya mtoto kutoa uloto mwaka 2010, na mimi niliyageuza kuwa maswali ya kumuuliza daktari. Je, hakuna ndugu mtu mzima anayefaa sawasawa? Watoto hawa wawili wanapendana kweli? Mgonjwa ana matumaini ya kueleweka? Hatari kwa anayetoa ni ndogo? Wazazi wameridhia, na mtoto mwenyewe je? Kisha uliza hili, hata wakikukunjia uso: daktari wa huyu anayetoa ni nani? Asiwe yuleyule wa mgonjwa. Daktari mmoja akiwatazama wote wawili, jicho litamwelekea anayeumwa.

Wangu aliogopa kwamba watamkata mfupa na atachechemea. Nilimwambia kama ilivyo: uloto ni kitu laini ndani ya mifupa kinachotengeneza damu, atapewa dawa ya usingizi, watachoma sindano nyuma ya nyonga na kuvuta, hawapasui. Kiasi hakitakiwi kuzidi mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 25 mwisho ni nusu lita, na mwili unarudisha ndani ya wiki chache. Usiseme haiumi. Kiuno kitauma siku kadhaa, na akikukamata kwenye uongo huo mmoja hatakuamini tena.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali siku kadhaa ili kuua uloto wake wa zamani. Zikishaanza, anayetoa akighairi, mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo swali la mwisho, "unataka au hutaki?", liulizwe kabla ya dawa hizo, na liulizwe na mtu ambaye hatamkasirikia. Akisema hataki, usiitishe kikao cha ukoo. Mpelekee daktari wake jibu hilo, na mwombe awaambie ndugu kwamba mtoto hafai kutoa, basi, bila maelezo.

Siku yenyewe, awe na mtu tangu anapolazwa hadi anapoamka. Baadaye, dawa ya maumivu kwa saa zake bila kumsubiri alie, dawa ya kuongeza damu kama wameandika, na mpira wa kuchezea kwenye mawe ya mtaani asicheze mpaka daktari aruhusu. Zawadi ikija kwa mgonjwa, ije na kwake.

Maneno ya wageni ndiyo yalinichosha kuliko yote. Bibi mmoja alimwita "mkombozi wa kaka yako". Nilimkata palepale, kwa heshima, "Shikamoo bibi, hilo tuliache." Seli za uloto mpya zinaweza kukataa kushika, au zikashambulia mwili wa mgonjwa, siku hiyo mkombozi atajiona muuaji. Mwambie: wewe umetoa, yanayofuata ni kazi ya dawa na madaktari. Mambo yakiharibika aambiwe na nyinyi, mapema, asiyasikie kwa watoto wa mtaani. Wala wakigombana nyumbani, asiruhusiwe mtu kusema "damu yake iko kwako."

Muulize daktari lini atarudi kupimwa damu, na tarehe hiyo isimezwe na kliniki za kaka yake. Akianza kukojoa kitandani au kukaa kimya shuleni, sema kliniki hukohuko.

Wakati mwingine hospitali huomba seli tena. Wakiomba, usihesabu ile "ndiyo" ya kwanza: kaa naye mkiwa wawili, muulize upya, na daktari wake awepo.