Piga picha risiti kabla hujatoka dukani

Wakazi wa Dodoma, ukinunua friji, simu au jiko la gesi, iwe kwenye maduka makubwa ya katikati ya mji au Machinga Complex, dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, na uipige picha hapohapo kaunta. Karatasi ile haitumii wino. Maandishi hutokea kwa joto. Ukiitupia juu ya dashibodi gari likiwa limeegeshwa juani, na jua letu mnalijua, utakuta imefifia au imekuwa nyeusi tii. Usiibandike selotepu juu ya maandishi ukidhani unaihifadhi, gundi ndiyo huyafuta haraka. Na ukidai waranti, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni hiyo risiti.

Kabla ya kupiga, soma kiasi. Kuna wauzaji wanaoandika elfu hamsini kwa kitu ulicholipia laki tano, halafu wanakuita "bosi" ili usitazame. Mwambie airudie, wala usione aibu. Namba ya utambulisho ya bidhaa (serial namba), ile iliyo kwenye boksi na nyuma ya kifaa, ipige pia, hakikisha zinafanana.

Begi la kubebea njoo nalo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na ile mbadala utauziwa.