Safari ya Treni Ulaya: Lijue Jina la Jiji Kabla ya Kufika Stesheni

Shuleni tulifundishwa Munich, Vienna, Florence na Copenhagen. Hayo ni majina ya Kiingereza. Kwenye ubao wa stesheni utakuta München, Wien, Firenze na København. Juzi nilikuwa nampangia binamu yangu safari, nikaona niuandike utaratibu wenyewe, kwa sababu watu huachwa na treni iliyosimama mbele ya macho yao.

1. Orodhesha miji yako, kisha andika jina la wenyeji mbele ya kila mmoja. Fungua ukurasa wa jiji kwenye Wikipedia; jina hilo huwa mwanzoni kabisa. Programu za kutafsiri achana nazo. Ukiipa Cologne, inaweza kukurudishia manukato, wakati wewe unatafuta jiji la Köln.

2. Nakili jina pamoja na nukta na alama zake zote.

3. Angalia nchi jirani inaliitaje jiji hilo. Hapa usiwe na haraka, maana kujua jina la wenyeji peke yake hakutoshi. Treni inayotoka Italia kwenda München, Waitalia huiita ya Monaco. Ukiipanda ukidhani ni ile Monaco ya pwani karibu na Nice, utajikuta Ujerumani. Geneva ya Uswisi ni Genève kwa wenyeji, Genf kwa Wajerumani, Ginevra kwa Waitalia. Genova ni mji mwingine kabisa, bandari ya Italia ambayo Waingereza huiita Genoa.

Ubelgiji ndiyo kazi hasa. Kaskazini wanatumia Kiholanzi, kusini Kifaransa, na vibao hufuata lugha ya eneo. Unakwenda Liège? Ukiwa kaskazini tafuta Luik. Mons inaitwa Bergen, Tournai inaitwa Doornik, na hata Lille, iliyo Ufaransa, huandikwa Rijsel. Ukishavuka kuingia kusini, majina ya Kifaransa yanarudi, na Antwerpen nayo inageuka Anvers. Brussels huandika lugha zote mbili: Bruxelles-Midi na Brussel-Zuid ni stesheni moja, ile ya treni za London. Kwa hiyo kila mji wa Ubelgiji wenye majina mawili uandikie yote mawili, bila kuruka hata mmoja. Usijiambie kwamba utauliza ukifika. Treni husimama dakika chache tu.

4. Soma jina la stesheni mpaka mwisho. Venezia Mestre iko bara. Inayokushusha kando ya mifereji ni Venezia Santa Lucia. Ujerumani na Austria, Hbf ni stesheni kuu. Praha hl.n. ni stesheni kuu ya Prague.

5. Orodha iandike kwenye karatasi, kwa kalamu. Simu huishiwa chaji, na karatasi unaweza kumwonyesha kondakta bila kusema neno. Kando ya kila jina weka saa ya kuondoka na namba ya treni. Jina likikutatiza ubaoni, fuata saa kwanza, halafu mwonyeshe kondakta namba kabla hujapanda.